Ndimu na Chumvi: Kuisikiliza Albamu ya Julieta Venegas kwa Sikio la Kiswahili

Ukienda sokoni Meksiko ukaomba limón, muuzaji atakupimia matunda madogo ya kijani, yenye ganda jembamba na maji makali. Hizo ni ndimu. Ukiomba limón Hispania utapewa tunda la njano lenye chuchu mwishoni, ambalo sisi tunaliita limau. Neno moja, matunda mawili. Julieta Venegas ni mwimbaji wa Meksiko, kwa hiyo albamu yake ya mwaka 2006, Limón y sal, ni Ndimu na Chumvi, wala si Limau na Chumvi.

Wimbo uliobeba jina hilo ni wa mtu anayempenda mwenziwe jinsi alivyo, na vituko vyake vyote, bila kumtaka abadilike. Aliyekulia Tanga, Mombasa au Unguja hahitaji kuelezwa picha hiyo. Embe bichi halipakwi sukari. Hukatwa vipande, likakamuliwa ndimu, likatiwa chumvi na pilipili ya unga, na ule ukali ndio utamu wenyewe. Mitaani Meksiko embe huuzwa hivyohivyo. Wanaoifikia albamu hii kwa kupitia Kiingereza mara nyingi huishia kwenye limau na glasi ya tequila, na ladha ya wimbo inabaki nje.

Anayetoka Kiswahili moja kwa moja hufika upesi zaidi, na si kwa neno hili peke yake. Sauti za Kihispania, mpangilio wa vitenzi vyake, hesabu ya mizani, hata chombo anachokikumbatia mwimbaji kifuani, vyote vina ndugu zake huku kwetu. Makosa mengi ya wasikilizaji wapya yanatokana na kuusahau undugu huo. Mengine machache yanatokana na kuuamini kupita kiasi.

Venegas alizaliwa Long Beach, California, mwaka 1970, akakulia Tijuana, mji wa Meksiko ulioegemea mpaka wa Marekani. Alisomeshwa piano ya klasiki tangu utotoni. Ujanani aliingia Tijuana No!, bendi ya ska na panki, na ni mmoja wa watunzi wa “Pobre de ti”, wimbo uliowapa jina. Baadaye akahamia Jiji la Meksiko na kuanza kazi yake mwenyewe. Albamu ya kwanza, Aquí, ya mwaka 1997, ilisimamiwa na Gustavo Santaolalla, Muajentina ambaye miaka kadhaa baadaye alichukua Oscar mbili kwa muziki wa filamu. Bueninvento ikafuata mwaka 2000. Hizo mbili ni nzito: maneno yana kiza, magitaa yanakwaruza, sauti inasimama ukingoni mwa kilio. Mwaka huohuo wa 2000 wimbo wake “Me van a matar” uliingia kwenye muziki wa filamu ya Amores perros. Kisha mwaka 2003 akageuza usukani. Albamu ya Sí, aliyoifanya na Waajentina Coti Sorokin na Cachorro López, ilikuwa nyepesi, ya kuimbika na watu wengi, na baadhi ya mashabiki wa zamani walinuna. Limón y sal iliendelea na njia hiyo, tena na Cachorro López.

Je, huu basi ni muziki mbadala au ni pop? Waliogawa tuzo nao hawakukubaliana. Novemba 2006 Limón y sal ilipata Latin Grammy ya albamu bora ya muziki mbadala, kipengele kilichoanza kutolewa 2004 tu. Februari 2007 albamu ileile ikapata Grammy ya albamu bora ya pop ya Kilatini, ikigawana na mwimbaji Ricardo Arjona. Miezi mitatu, majina mawili. Kwa maoni yetu umbadala wake haumo katika kelele. Umo katika kukichukua chombo kilichohesabiwa kuwa cha wazee na cha harusi za mashambani, kukiweka mbele kabisa ya wimbo wa mjini, na kumwachia mwanamke akipige mwenyewe huku akiimba.

Chombo hicho ni kodiani. Kilifika kaskazini mwa Meksiko na kusini mwa Texas katika karne ya 19 pamoja na wahamiaji wa Kijerumani na majirani zao wa Ulaya ya kati, kikiwa kimefuatana na polka na waltz, kikageuka uti wa mgongo wa muziki wa norteño. Kwetu kodiani ilikaa katika taarab ya Zanzibar, kando ya fidla, udi na ganuni, na Kenya ikapigwa katika mwomboko, ngoma ya Wakikuyu. Kwa hiyo sikio linaitambua mara moja, na hapo ndipo mtego ulipo.

Kodiani ya norteño ni ya vifungo. Kifungo kimoja hutoa noti moja ukivuta mvukuto na noti nyingine ukiusukuma, ndiyo maana wapigaji wake hurusha noti fupifupi zenye kasi. Venegas ni mpiga piano, naye hushika kodiani yenye vibao vya piano, ambayo kibao kimoja kina noti ileile uvute au usukume. Ndiyo aina tuliyoizoea kwenye taarab. Tofauti ni kazi inayopewa. Katika taarab kodiani hutembea sambamba na fidla juu ya muziki uleule, kila chombo kikitia nakshi zake. Kwa Venegas kodiani hujibu. Anaimba kifungu, ananyamaza, kodiani inatoa neno lake, anarudi. Anayesikiliza kwa mazoea ya taarab husubiri vyombo vimfuate mwimbaji, akaona pengo pale sauti inapokatika, akadhani muziki ni mtupu. Basi sikiliza “Me voy” mara moja ukiyaacha maneno kabisa, ufuate kodiani pekee. Sikiliza tena uhesabu ni mara ngapi inaingia kabla hajamaliza kuvuta pumzi. Ukifika mara ya tatu utaanza kuisubiri.

Jambo moja la kimwili lisisahaulike: kodiani haina sauti bila upepo. Mpigaji anayeimba ana mapafu mawili ya kuyaongoza, lake na la chombo, na mvukuto ukiishia katikati ya kifungu, noti inakatika. Kwenye hedifoni nzuri utasikia mahali upepo unapogeuka. Kwenye spika ya simu husikii.

Hilo linatupeleka kwenye vifaa. Spika ya simu huiua besi na kubakiza sauti za kati, kodiani na sauti ya mwanamke zikagongana mahali pamoja. Sabufa ya sebuleni huleta kosa la upande wa pili: besi huvimba, konsonanti zikazama, na bila konsonanti hutaitofautisha amor (penzi) na amo (napenda). Hedifoni za waya za bei ya kawaida zinatosha, mradi masikio yote mawili yavae. Kuvaa upande mmoja, kama tunavyofanya kwenye daladala ili tumsikie kondakta, hupoteza vyombo vilivyowekwa upande wa pili.

Na bando? Piga hesabu kabla. Muziki wa kilobiti 96 kwa sekunde hula karibu megabaiti 0.7 kwa dakika, wa kilobiti 160 hula 1.2, wa kilobiti 320 hula 2.4. Albamu ya dakika 45 basi ni karibu MB 32, MB 54 au MB 108, kila unapoisikiliza. Kwa kuwa kazi hii inataka kurudia wimbo mmoja mara kumi na tano au ishirini, ipakue mara moja penye waifai kisha sikiliza nje ya mtandao. Chagua 160. Kwa 96 sauti za s na ch huanza kuchakaa kama karatasi iliyofinywa, na Kihispania kimejaa s. Kwa 320 tofauti ipo, lakini kwenye hedifoni za kawaida hutailipia. Usitumie video kama njia ya kusikiliza, maana picha hula bando na huiba macho.

Zima kitufe cha kuchanganya nyimbo. Zima pia ile hali ya programu kujiendeleza yenyewe: nyimbo mbili tu za Kihispania zikipita, unajikuta kwenye reggaeton. Reggaeton si mbaya, ila hukuifuata.

Mara ya kwanza isikilize albamu yote mfululizo bila maneno mbele yako. Usijaribu kuelewa. Andika tu kila neno unaloweza kulishika, kwa tahajia ya Kiswahili, kama ulivyolisikia: “kyero”, “korason”, “nadha”. Ukipata maneno ishirini umefanya vizuri. Karatasi hiyo usiitupe, ndiyo itakayokuonyesha sikio lako linakosea wapi utakapoilinganisha na maneno yaliyochapishwa.

Na hapa Mswahili ana bahati ya wazi. Irabu za Kihispania ni tano, a e i o u, na zinatamkwa kama zetu, hazibadiliki. Mkazo nao, kwa maneno yanayoishia na irabu, n au s, hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kama kwetu. Maneno yanayovunja utaratibu huo huwekewa alama: limón, corazón. Kosa la kawaida ni kuyatia yote mkazo wa Kiswahili, ukasema LImon. Fuata alama.

Konsonanti ndizo zenye raha. Herufi d ikiwa katikati ya irabu hulainika ikawa dh ya dhahabu: todo, yaani “yote”, ni todho, vida, “maisha”, ni bidha. Herufi g vilevile huelekea gh ya ghali: amigo ni amigho. Herufi j, na g mbele ya e na i, ni kati ya h na kh, na Meksiko hulalia upande wa h, kwa hiyo Julieta ni Hulyeta. Anayetamka dhahabu na ghali vilivyo tayari ana nusu ya matamshi. Anayesema “zahabu” na ajihadhari, asije akaigeuza todo ikawa tozo.

Herufi v na b ni sauti moja, kwa hiyo Venegas ni Benegas na voy ni boi. Herufi ñ ni ny ya nyanya. Ll ni y. Qu ni k. H ni bubu. Z, na c mbele ya e na i, Meksiko ni s tupu. Hispania sehemu kubwa huzitamka kama th ya thelathini, na hii ni njia rahisi ya kujua mwimbaji anatoka upande gani wa bahari. R moja ni kama yetu na rr hutikiswa: pero ni “lakini”, perro ni mbwa. Walio na mazoea ya kubadilishana l na r wawe macho zaidi, maana pelo ni nywele.

Sasa vitenzi. Kihispania, kama Kiswahili, hakihitaji kutaja mimi wala wewe, maana mtendaji yumo ndani ya kitenzi. Lakini sisi tunamweka mwanzoni (na-penda, u-napenda) na wao wanamweka mwishoni: quiero ni mimi, quieres ni wewe, quiere ni yeye. Sikio la Kiswahili hukimbilia mwanzo wa neno kumtafuta mtendaji, halafu linapumzika, na ndipo anapompita. Jizoeze kungoja mkia. Mtendwa, kinyume chake, hukaa mbele ya kitenzi kama kwetu: te quiero ni na-KU-penda, te ikifanya kazi ya -ku-. Me ni -ni-. Katika amri huruka mwisho: “Mírame bien”, wimbo mwingine wa albamu hii, ni “Nitazame vizuri”, mira ikiwa tazama na me imening'inia nyuma.

“Me voy” inastahili kukaliwa kidogo. Voy peke yake ni “nakwenda”. Ukiongeza me, watu wengi hutafsiri “naondoka” wakaishia hapo. Lakini Kiswahili kina kitu hichohicho hasa: nakwenda zangu. Iendeleze uone. Te vas, unakwenda zako. Se va, anakwenda zake. Nos vamos, tunakwenda zetu. Ile zangu haisemi mahali, inasema kwamba mtu amejikusanya, ameamua, haombi ruhusa. Ndiyo hali ya wimbo mzima: mwanamke haondoki kwa kishindo wala kwa kulaani, anasikitika kidogo, lakini anakwenda zake. Lugha nyingi zitahitaji sentensi nzima kuliweka hilo.

Tahadhari: voy, vas, va na van zikifuatwa na a kisha kitenzi, mara nyingi si kwenda tena, ni wakati ujao. “Me van a matar” ni “wataniua”. Asiyeisikia ile a ndogo huanza kuona watu wanasafiri kila mahali.

Mashine za kutafsiri huharibu zaidi kwenye mapenzi. Querer kwa asili ni kutaka, na mashine hukupa “nakutaka”, neno ambalo kwetu likisemwa usiku lina maana yake. Te quiero ni nakupenda, penzi la kila siku, la mama, la rafiki, la mchumba. Te amo ipo, nzito zaidi, haitumiwi ovyo. Andar nayo ni kutembea, na Meksiko andar con alguien ni kuwa na uhusiano na mtu. Tunacheka hapa kwa sababu “anatembea na fulani” kwetu ni hivyohivyo, ila letu lina harufu ya siri na lao halina. “Andar conmigo”, kutoka Sí, ni mwaliko safi wa kuandamana, tena mwepesi. Ukiutafsiri “kutembea nami” mbele ya shangazi utaulizwa maswali.

“Dulce compañía”, bado katika Limón y sal, kwa maneno ni “usuhuba mtamu”. Hakuna kamusi itakayokwambia kwamba maneno hayo mawili yamo katika sala ambayo watoto wa Kikatoliki wanaozungumza Kihispania hufundishwa kabla ya kulala, ya kumwomba malaika mlinzi. Msikilizaji wa Meksiko huisikia sala hiyo chini ya wimbo kabla hata hajafikiri. Ukikutana na kifungu kinachoonekana kimepangwa vizuri kupita kawaida, kitafute chenyewe, si neno mojamoja.

Maneno mengine yatakukaribisha bila jasho. Mesa ni meza na bandera ni bendera: huku yalifika na Wareno, na Kireno na Kihispania ni mtu na ndugu yake. Azúcar ni sukari na limón ni jamaa ya limau kwa upande wa Kiarabu, kilichokaa Hispania karne nyingi kama kilivyokaa pwani yetu. Hasta, “mpaka”, huhesabiwa na wataalamu kuwa imetoka kwenye hatta ya Kiarabu, iliyotupa sisi hata. Lakini hapa ndipo undugu unapodanganya: carta ni ndugu wa karata kweli, lakini mara nyingi ni barua, na nada, inayosikika nadha, haina lolote na nadhari. Ni “hakuna kitu”.

Mizani ndiyo inayowatatiza hata wanaojua ushairi, pengine wao zaidi. Mshororo wa shairi letu la kawaida una mizani 16, nane kwa nane. Ubeti wa watu katika Kihispania nao hupenda silabi 8, kwa hiyo anayejua kughani hujiona nyumbani, akaanza kuhesabu kwa vidole, na hesabu ikakataa. Sababu ni mbili. Ya kwanza: irabu inayomaliza neno na irabu inayoanza neno la pili huungana zikawa silabi moja. “Canciones de amor” si can-cio-nes-de-a-mor, ni can-cio-nes-dea-mor. Kiswahili hakifanyi hivyo. Ua lina mizani mbili na litabaki nazo. Ya pili: mshororo ukiishia kwa silabi yenye mkazo huongezewa moja katika hesabu. “Limón y sal” ina silabi nne masikioni, lakini mshairi huihesabu tano. Muziki unaweza kuzivunja kanuni hizi pale noti inapotaka, ila kama kawaida ndizo zinazofuatwa.

Halafu vina. Msikilizaji wetu hulalamika kwamba nyimbo hizi hazina vina. Vipo, ila mara nyingi vya irabu tu: kuanzia irabu yenye mkazo wa mwisho, irabu zilingane, konsonanti ziende zitakako. Casa na cama ni kina kimoja, a-a. Mano na canto ni kina kimoja, a-o. Kwetu malenga angekutoa ukumbini. Ukishajua, utavisikia vikigonga mwisho wa mistari kila mahali.

Kwa wimbo wa kwanza wa kujifunza kikamilifu chagua “Limón y sal”: mwendo wa kati, kiitikio kinachojirudia, maneno ya nyumbani. Sikiliza kifungu, simamisha, kiseme, andika, linganisha na maandishi. Ukipunguza kasi, ishia asilimia 75. Kwa asilimia 50 irabu hupasuka, na utajifunza sauti ambazo hakuna binadamu anayezitoa. Usivuke vifungu vinne kwa kikao kimoja. Wengi huimaliza kwa siku tano au sita, nusu saa kila siku. “Me voy” iwe ya pili. “Primer día”, aliyoimba na Dante Spinetta wa Ajentina, iweke mbali kidogo. “Eres para mí” iwe ya mwisho.

Inakuwa ya mwisho kwa sababu ya Ana Tijoux. Ni rapa anayeshirikishwa humo, aliyezaliwa Lille, Ufaransa, mwaka 1977, wazazi wake wakiwa Wachile waliokimbia utawala wa Pinochet, na anarap kwa Kihispania cha Chile. Wachile huidhoofisha s ya mwisho wa silabi hadi ikawa pumzi: más husikika mah. Kumbuka kwamba ile s ya mwisho mara nyingi ndiyo inayombeba wewe katika kitenzi, au wingi katika nomino. Ikipotea, unategemea muktadha, kwa kasi ya rap. Usikate tamaa ukaona umerudi mwanzo. Lugha ni ileile, pwani ni nyingine. Kiitikio chake Venegas anakiimba wazi, na eres ni ule u wa zamani wa Kiswahili, kama katika u mwema. Para mí ni “kwa ajili yangu”. “U wangu” inatosha, ingawa sisi tunapendelea “umeumbiwa mimi”, maana para inaonyesha kilikokusudiwa kitu kiende.

Kihispania kuimbwa Afrika ya Mashariki na Kongo si jambo geni, tuseme hilo kwa kupita. Santuri za Kikuba za mfululizo wa GV zilianza kuuzwa Afrika katika miaka ya 1930, na kutokana nazo rumba na chacha zikaota Kongo kisha zikaenea kwenye dansi la huku. Waimbaji wa wakati huo mara nyingi waliiga sauti za Kihispania bila maana yake, na nyimbo zikapendeza hivyohivyo. Kwa hiyo anayetaka kufurahia bila kuelewa ana wazee wa kumtetea. Ila Venegas si wa aina hiyo. Muziki wake ni mwembamba kwa makusudi, maneno yakiondoka hubaki kiunzi.

Baada ya Limón y sal wengi hurudi nyuma moja kwa moja hadi Aquí, na wengi hukwama. Rudi kwa ngazi: Sí kwanza, uanze na “Lento” kwa kuwa jina lake ni “polepole” na ndivyo ulivyo, kisha “Algo está cambiando”. Halafu Bueninvento. Aquí mwisho, tena usiku, na hedifoni. Ukifuata mpangilio huo utasikia kodiani ikizidi kuchukua kiza kadiri unavyorudi, na utaelewa kilichowanunisha wale mashabiki wa 2003. Sisi hatununi. Lakini Aquí ina ukali ambao ndimu zilizofuata hazikuufikia.

Kama unaweza kupata moja tu zaidi, basi iwe MTV Unplugged ya mwaka 2008, iliyorekodiwa Jiji la Meksiko, nayo ikapata Latin Grammy ya muziki mbadala. Nyimbo ulizokwisha kuzijua zimevuliwa kompyuta na kuvishwa vyombo vya mkono, kwa mkono wa Jaques Morelenbaum, mpiga selo wa Brazili, na Natalia Lafourcade, mwimbaji wa Meksiko, akiwa miongoni mwa wanamuziki jukwaani. Katika “Eres para mí” ya humo nafasi ya Tijoux imechukuliwa na rapa Mala Rodríguez wa Hispania ya kusini, ambako s ya mwisho nayo hudhoofika. Weka matoleo mawili kando kwa kando, dakika ileile, na uandike kila s unayoisikia kwa kila mmoja. Kisha nenda “Ilusión”, anapoimba na Marisa Monte wa Brazili: mmoja Kihispania, mwingine Kireno, lugha ya mabaharia waliotuachia meza na bendera. Irabu za Monte zinapita puani na zinafungika, hazikai wazi kama za Venegas na zetu, na zinapokutana kwenye kifungu kimoja sikio lako litajua lenyewe ni ipi kati ya sauti hizo mbili ya kuifuata.